Cha Moto Hakipimwi

Karakana nzima ilimwita Bi Tanuri, na jina lenyewe hakulichukia. Kabla ya kuja kukausha elektrodi alikuwa ameoka mikate kwa miaka kumi na tisa, na mtu wa namna hiyo huwa amekwisha jua kwamba tanuri halina rafiki. Ukiligeuzia mgongo linakuunguzia, ukilibembeleza linakupa mkate mbichi katikati. Mhandisi, mwenye karakana, alimchukua kwa sababu hiyo hiyo. Kabla yake walikuwapo wasomi wawili waliomharibia kazi mara tatu, kwa kusoma vitabu mbele ya tanuri badala ya kulitazama.

Kazi ilikuwa hivi. Kinywe, yale madini meusi yanayotiwa ndani ya penseli, kililetwa kimesagwa kuwa unga laini kuliko poda ya mtoto. Kilichanganywa na gundi mpaka kikawa uji mzito, uji ukapakwa juu ya karatasi za alumini, na karatasi zikaingia tanurini kutwa au usiku mzima huku pampu ikinyonya hewa. Zilizotoka zimekauka ndizo elektrodi. Zilikatwa, zikapangwa ndani ya pakiti, zikanyweshwa kiowevu ambacho pale karakanani kiliitwa dawa tu, na pakiti ikazibwa. Hiyo ndiyo kapasita. Betri hula umeme taratibu kama mzee asiye na meno. Kapasita huumeza kwa mkupuo, na siku unapohitajika huutema kwa mkupuo. Adui yake mkubwa ni maji. Elektrodi ikibaki na unyevu, hata ule usioonekana kwa jicho, dawa na maji hugombana humo ndani, hutoa gesi, na pakiti hufura. Ikifura sana hupasuka, na mvuke wa ile dawa si kitu cha kuvuta puani.

Kwa hiyo roho ya karakana ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyeacha shule darasa la sita. Muda wa kukausha ukikaribia mwisho, alitoa karatasi moja ya kupimia, akaiweka ndani ya mtungi wa kioo wenye shanga za buluu zinazonyonya unyevu, akaifunika, akangoja dakika arobaini mpaka ipoe. Hapo ndipo aliipima. Kisha aliirudisha tanurini saa mbili zaidi, akaipoza tena, akaipima tena. Namba mbili zikilingana, imekauka. Zisipolingana, hakuna maneno, zote zinarudi motoni.

Wageni wa kazi waliuliza kwa nini isipimwe ile ile inapotoka. Yeye hakuchoka kuwaeleza. Kitu cha moto hupasha hewa inayokizunguka, hewa hupanda juu, na katika kupanda hukinyanyua kisahani cha mizani kidogo sana, kiasi cha kumfanya mtu mwongo. Mizani itakuambia karatasi ni nyepesi, maana yake kavu, kumbe bado. Kisha alimaliza kwa maneno yake aliyoyabandika mpaka ukutani: cha moto hakipimwi. Aliyasema mara nyingi mno hata mdogo wake nyumbani akamnyang'anya. Kila dada alipopandisha hasira, yeye alimwambia apoe kwanza, cha moto hakipimwi, na hasira ikaishia kwenye kicheko.

Huyo mdogo wake ndiye aliyekuwa maisha yake. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja, ambaye miguu ilimkatalia tangu ana miaka minne. Mama yao alipofariki, dada alimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi kwa miaka saba, na mpaka leo bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Waliishi pamoja vyumba viwili, wakigombania redio. Kijana huyo, dada bado alimwita kijana, alipokea simu katika ofisi iliyokuwa ghorofa ya nne ya jengo moja la zamani mjini, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walipiga simu na kusahau walichotaka.

Taabu ilikuwa lifti. Umeme ulipokatika lifti ilisimama popote ilipo. Siku moja ilisimama naye kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, gizani, peke yake, saa tatu nzima. Tangu hapo hakuiingia. Alipanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume, vipandio sitini na vinne, mlinzi akimfuata na kiti chake cha magurudumu, akafika kazini suruali imechakaa mbele ya wenzake waliovaa kitanashati. Hakulalamika. Dada ndiye aliyezifua suruali hizo, naye alilia juu ya beseni.

Ndipo wenye jengo walipokuja karakanani kwa Mhandisi kuagiza kapasita arobaini za kuwekwa juu ya paa la lifti, ili umeme ukikatika iweze kushuka yenyewe hadi chini na kufungua milango. Bi Tanuri alipoona anwani kwenye karatasi ya agizo, aliisoma mara mbili kwa furaha. Alikwenda nyumbani akamwambia mdogo wake kwamba safari hii atashushwa na mikono ya dada yake, aiamini lifti hiyo kama alivyouamini mgongo wake.

Sasa sikiliza palipoharibika. Ofisi ilimwambia mdogo mtu kwamba haiwezi kuendelea kumtazama akijikokota ngazini, wageni wanaona, na kama lifti haitakuwa tayari Jumatatu watamweka mwingine kwenye simu. Ijumaa asubuhi fundi wa lifti alikuwa mlangoni kwa Mhandisi akisubiri kazi, na elektrodi za mwisho zilikuwa bado tanurini, saa nne kabla ya wakati wake. Haraka haraka haina baraka. Kila mtu anaijua na hakuna anayeifuata. Bi Tanuri alitoa karatasi ya kupimia. Aliutazama mtungi, akamtazama fundi, akaiweka karatasi juu ya mizani ingali moto.

Mizani ilimpa namba nzuri. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, nyepesi kuliko karatasi yoyote aliyowahi kuikausha, na siku nyingine yoyote angeicheka namba hiyo na kumfukuza aliyeileta. Lakini akipenda, chongo huita kengeza. Aliiandika kwenye daftari, akaandika na saa, akatia sahihi. Jumatatu mdogo wake alipanda lifti, akampigia simu kutoka ghorofa ya nne akimwimbia.

Wiki tatu zikapita. Desturi ya karakana ilikuwa kubakiza pakiti tatu za kila kazi ndani ya kabati la joto, zimejazwa umeme, na kila asubuhi Bi Tanuri alilaza rula juu ya kila moja. Rula ikitulia, pakiti ni nzima. Jumatatu ya wiki ya nne aliilaza juu ya pakiti ya kwanza, rula ikacheza. Aliigusa kwa kidole upande huu, ikainuka upande ule. Ya pili ikacheza. Ya tatu ilikuwa imefura kama shavu lenye jino bovu.

Alifungua daftari. Hapakuwa na haja, alijua, ila mtu hupenda kuona hukumu yake kwa maandishi. Imetoka tanurini saa nne na dakika kumi, imepimwa saa nne na dakika kumi na mbili. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa herufi kubwa kubwa, na sahihi chini. Baridi ilimshika mbele ya kabati la joto.

Alimpelekea Mhandisi zile pakiti. Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alizigeuza, akakuna kidevu, akauliza swali ambalo lilikuwa haki yake kuuliza.

“Ulizikausha vipi, Bi Tanuri?”

“Kama siku zote.”

Maneno matatu. Yalimtoka kabla hajayaangalia, na yalipokwisha toka akaona hayarudi. Mhandisi alimwamini, kwa nini asimwamini? Alisema basi tatizo litakuwa kwenye kuziba, pengine ni hizi tatu tu, tena kabati lina joto kuliko paa la lifti. Mwisho wa mwezi dawa mpya ikifika watatengeneza nyingine na kubadilisha. Bi Tanuri aliitikia. Alihisi nafuu. Katika karakana ile hakuwa na cheti wala shahada, alikuwa na neno lake tu, na leo alikuwa amelila.

Jioni alimwambia mdogo wake achukue likizo. Akaulizwa ya nini. Akasema ameota vibaya. Mdogo wake alicheka mpaka akakohoa, akamuuliza tangu lini mtu wa mizani akaanza kupima ndoto. Akamwambia apande ngazi basi, siku chache tu. Hapo hakucheka.

“Dada, wewe ndiye uliyeniambia niiamini. Leo unataka nirudi kuburura suruali?”

Dada alikwenda kumnyooshea shati la kesho. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliyajua hayo toka utotoni, na bado alilala nayo tumboni. Asubuhi alimfungia mdogo wake kola ya shati kama kawaida, akamtazama akienda.

Jumanne hiyo hakufanya kazi, alisimama tu mahali pa kazi. Kila alipoliona lile tangazo lake ukutani alitazama pembeni. Saa sita akavua aproni, akaosha mikono ambayo weusi wa kinywe hautoki hata ukisugua, akaenda mjini kwa miguu, nusu ya njia akikimbia. Alikuwa amekwisha pata la kusema. Atamwita mlinzi, atamwomba aizime lifti, atasema kuna ukaguzi. Hata wakati huo, unaona, bado alikuwa akitafuta uongo mdogo wa kuufunika ule mkubwa.

Alipoingia ukumbi wa jengo, taa zikazimika.

Mlinzi alisonya, akasema umeme huo tena. Feni ya mezani kwake ilizunguka ikachoka ikasimama. Bi Tanuri aliuliza nani yumo ndani ya lifti, akajibiwa bila wasiwasi kwamba ni yule ndugu wa simu, anashuka kula, ameita kutoka juu sasa hivi. Wakangoja. Ukutani hapakuwa na namba ya kusoma, ila mlango wa chuma na giza lililokuwa nyuma yake. Alihesabu. Alifika ishirini. Alifika thelathini na tano, na huko juu kitu kikaguna, nyaya zikalia, na lifti ikaanza kushuka polepole.

Milango ilifunguka. Mdogo wake alitoka akisukuma magurudumu mwenyewe, uso umemeremeta kwa jasho na furaha.

“Umekuja kuangalia kazi yako? Giza limeingia, nikakaa kimya, ikanishusha. Kama mgongo wako kabisa.”

Dada alikuwa hasikii. Harufu ilikuwa imemtangulia mdogo wake kutoka ndani ya lifti, tamu, kali, kama rangi ya kucha iliyoachwa wazi. Katika ukumbi ule hakuna mwingine aliyejua kwamba ni ile dawa. Aliona macho ya mdogo wake mekundu, na alivyoyafikicha kwa kiganja.

“Kichwa kinaniuma kidogo,” alisema mdogo. “Njaa hii.”

Taa zikawaka. Feni ikaanza kuzunguka. Juu, mtu aliyekuwa akisubiri alibonyeza kitufe, na milango ya lifti ikaanza kujifunga. Bi Tanuri alijitupa katikati yake, akaketi sakafuni, mgongo kwenye ukingo huu, miguu kwenye ukingo ule. Mlinzi akamuuliza amepatwa na nini. Ule uongo wa ukaguzi ulikuwapo mdomoni, tayari. Aliumeza, akamtazama mdogo wake.

“Nilipima cha moto,” alisema. “Ile Ijumaa. Ili uwahi Jumatatu, nilipima cha moto.”

Mdogo wake aliacha kuyafikicha macho. Miaka sita alikuwa akiyafanyia mzaha maneno hayo, hakuhitaji kuelezwa. Alitazama juu, kwenye paa la lifti ambayo alikuwa ameipanda kila siku kwa wiki tatu akiimba, akamtazama tena dada yake aliyekaa chini na weusi wake mikononi. Sauti ile nzuri ilipotoka ilikuwa ndogo.

“Jana nilikuuliza, dada.”

“Uliniuliza.”

“Ukaniambia ni ndoto.”

Dada alimwambia mlinzi akate umeme wa lifti, awapandie watu wa juu kwa ngazi awazuie, na ampigie simu Mhandisi amwambie kwamba Bi Tanuri amesema hakuzikausha kama siku zote. Mlinzi alisimama akimtazama mmoja kisha mwingine, akaelewa nusu, akakimbilia kwenye chumba cha swichi, funguo zikimponyoka.

Mdogo mtu alimpa dada yake mgongo. Kisha akageuza kiti, akarudi mpaka mlangoni, akaliegemeza gurudumu kwenye ukingo wa mlango upande ule ambao miguu ya dada yake haikuufikia vizuri, akafunga breki. Hakumtazama. Milango ilikuja, ikamgusa dada begani, lile bega la kushoto, ikarudi nyuma. Ikaja tena. Ile harufu ilikuwa ikiongezeka, na huko ghorofa ya nne mtu aliendelea kubonyeza.