Fundi Jicho na Meza ya Dirishani

Shangazi yangu huingia kazini ubavu ubavu. Mlango wa chumba chake haufunguki zaidi ya nusu, kwa sababu nyuma yake kuna rundo la mashine za gemu zilizokufa, ambazo haziuziki wala hazitupiki, anazinyofoa vipuri. Anatanguliza bega, anavuta tumbo ndani, halafu ndiyo anapitisha mkoba. Nikimuuliza kwa nini asilihamishie rundo upande wa pili, ananijibu, "Upande wa pili nakaa mimi."

Chumba hakina dirisha. Zamani kilikuwa stoo ya chini ya ngazi, na mtu mrefu akisimama vibaya anagonga kichwa. Shangazi ni mfupi, basi yeye na ngazi wameelewana miaka kumi na minne sasa. Mchana wa jua kali humo ndani taa inawaka, na akitoka nje lazima asimame kwanza, mkono juu ya macho, kama aliyeamshwa ghafla.

Watu wanamwita Fundi Jicho. Ndani ya mashine ya gemu kuna kijicho cha kioo, kidogo kama punje ya dengu, kinachosoma diski. Kikichoka, gemu haifunguki, na hapo ndipo mtu anamkumbuka shangazi. Anakibadilisha huku anapiga soga. Skrubu anazipanga juu ya gazeti vile vile zilivyokaa kwenye mashine, kama ramani, na sijawahi kuona ikabaki hata moja.

Shida ni kwamba mashine mpya hazina jicho. Hazina hata pa kuingizia diski. Gemu inashushwa kutoka mtandaoni, basi. Ya kwanza ilipoletwa, shangazi aliigeuza huku na huku kama anayetafuta mlango wa nyumba, kisha akamrudishia mwenyewe. "Hii mimi sina pa kuishikia," alisema. Zamani alikuwa anabadilisha macho mpaka vidole vinamuuma. Siku hizi kuna siku nzima anamaliza akipanga upya vipuri vyake.

Siku moja nilimkuta na dereva wa lori, mteja wake wa zamani.

"Fundi, hii inanguruma utadhani inataka kupaa."

Shangazi alifungua mfuniko. "Si umefuga! Kuna mende humu ana wajukuu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu dereva akasema, "Nitengenezee mara hii ya mwisho. Nimeagiza kompyuta pale kwa jirani yako. Kompyuta ikizeeka unabadilisha kiungo kimoja kimoja. Hii ikizeeka unazika."

"Wewe ukitoka safari, umechoka, unataka kucheza au unataka mtihani? Hii unawasha, unacheza. Kompyuta itakwambia subiri, subiri, mpaka lori liote nyasi."

"Kwani ndani zina tofauti gani?" niliuliza mimi. Nina ugonjwa wa maswali, nyumbani wote wanajua.

"Hazina," alisema shangazi. "Ndani ni kompyuta ile ile. Wamefunga mlango tu wakaondoka na ufunguo. Miaka kumi mbele kutakuwa na boksi moja chini ya televisheni na kila mtu ataliita anavyotaka."

"Na fundi wa macho atakuwa wapi?" niliuliza tena.

Alipuliza vumbi kwenye kile kijicho kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyostahili.

Jirani mwenyewe, muuza kompyuta, ana duka ng'ambo ya barabara. Fundi wake aliacha kazi, na meza yake ikabaki tupu dirishani. Dirisha kubwa, linatazama barabara na mti. Nilimwona shangazi akiitazama meza ile kila tukipita, kwa lile jicho la watu wanaojifanya hawatazami. Mwishowe alipiga moyo konde akaenda kuiomba.

"Dada fundi, mikono yako naijua," alisema muuza kompyuta. "Lakini umezoea mashine za kufungwa. Jumamosi nina kompyuta ya kuunga tangu mwanzo, mwenyewe anaijia saa sita. Ikiwaka kwa mkono wako, bila kusaidiwa, meza ni yako. Isipowaka, tusilaumiane. Nina kijana mwingine anaingoja."

Tulisoma kila jioni mpaka Jumamosi. Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa ametuonyesha shuleni jinsi ya kuunga moja, nami nilikuwa nimechora yote daftarini: bodi, kumbukumbu, feni, ile kadi nene ya kutoa picha. Shangazi alilikariri daftari langu mpaka akawa ananisahihisha. Nilichora mbele, nikachora ubavuni. Mgongo wa kasha sikuuchora. Niliona ni matundu tu.

Jumamosi, mlangoni mwa jirani, alinishika bega. "Mwanangu, nakupenda. Lakini leo maswali yako yaache hapa nje. Hata moja. Akisikia umefungua mdomo atasema umenisaidia."

Nikaapa.

Alitandika gazeti lake juu ya meza ya dirishani, akapanga skrubu. Jua lilimpiga mikononi na nikagundua ana makovu madogo ya kuungua ambayo sikuwahi kuyaona. Alifanya kazi bila papara. Saa nne na nusu kila kitu kilikuwa mahali pake. Alichomeka waya wa skrini, akawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, nami nikatabasamu mpaka masikioni.

Skrini ilibaki nyeusi.

Alizima, akawasha. Nyeusi. Akainama nyuma ya kasha, nami nikainama kwa mbali, ndipo nikaona. Mgongoni kulikuwa na matundu mawili ya skrini yanayofanana: moja juu, kwenye bodi, na jingine chini yake, kwenye ile kadi ya picha. Waya wake ulikuwa kwenye la juu, na kadi ikiwepo picha hutoka kwenye tundu la kadi tu. Mwalimu wetu alifanya kosa hilo hilo mbele ya darasa, akajicheka. Lakini mashine za shangazi zina tundu moja tu la skrini. Miaka kumi na minne amechomeka kwenye tundu moja. Hakuwa na sababu ya kuuliza kama kuna la pili.

Mdomo ulinijaa maneno. Muuza kompyuta alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, mikono kifuani. Nilimkazia shangazi macho, nikayatupa kwenye lile tundu, nikamkazia tena. Akanikata jicho: tulia.

Basi alifanya anachokijua. Aliifungua yote. Akanyofoa kiungo kimoja kimoja, akavifuta, akavipuliza, akavirudisha. Jasho lilimdondokea kwenye gazeti, ramani yake ya skrubu ikalowa, lakini haikubaki hata moja. Akachomeka waya kwenye lile tundu la juu tena. Nyeusi. Dirishani watu walikuwa wanapita wakimtazama. Sikuwahi kufikiria kwamba dirisha linaonyesha pande zote mbili.

Saa sita dereva wa lori aliingia akipiga mluzi. "Aa, Fundi Jicho! Kumbe wewe ndiye unaniungia!"

Muuza kompyuta alinyanyuka taratibu. Alichomoa waya, akaushusha vidole vinne, akachomeka. Picha ikaja.

Hata dereva alielewa kwamba mluzi haufai tena.

"Dada fundi, kazi safi, nasema kweli," alisema muuza kompyuta. "Lakini mteja hawezi kungoja mashine nzima ifunguliwe kwa ajili ya waya."

"Tulikubaliana," alisema shangazi. Akakunja gazeti lake.

"Ile yangu ya zamani uliimaliza?" dereva aliuliza.

"Iko tayari. Haingurumi tena."

"Baki nayo tu, fundi. Itakufaa kwa vipuri."

Tulivuka barabara. Chini ya ngazi nilishindwa. "Shangazi, nilikuwa najua. Kwenye daftari sikuchora mgongo. Na pale uliniambia nisi..."

"Nilikwambia." Aligeuka akanitazama, na nilitamani anipige kofi kuliko vile alivyonitazama, bila hasira yoyote. "Nimefuga mtoto wa maswali miaka yote hii. Siku moja tu nikamziba mdomo."

Alianza kucheka, kicheko kikamwishia njiani.

Ndani, alichukua mashine ya dereva, nzima, imefutwa, jicho jipya, akaitazama kwanza. Juu ya meza palijaa. Chini palijaa. Akaiweka nyuma ya mlango, kando ya rundo, na upenyo ukazidi kupungua.

"Sasa uliza," aliniambia, akiwasha taa. "Uliza yote."

Nilikuwa bado nje, nimetanguliza bega, nimevuta tumbo ndani kama siku zote, na safari hii sikupita.