Wageni wa Baba Mlimani Elgon

Baba yangu alikuwa msimamizi wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya Eldoret, mji ambao siku hizo sote tuliuita Sisibo. Lakini kila kiangazi mzungu huyo alimtoa awaongoze marafiki zake waliotaka kutembea juu ya Mlima Elgon, kwa kuwa baba alizaliwa kwenye miteremko ya mlima huo na alizijua njia zake tangu akichunga mbuzi. Akirudi, nguo zake zilikuwa zimeganda matope. Mama alizifua bila kuuliza kitu.

Mwaka mmoja aliuliza. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha watoto wadogo kwenye shule ya misheni, na nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mama alikuwa ameinama juu ya karai akikamua shati.

"Hawa watu wako wanaacha vitanda vyao wanaenda kulala kwa baridi," akamwambia baba. "Wanatafuta nini huko?"

Baba alifikiri kidogo. "Sijui nitakuambiaje. Itabidi uone mwenyewe."

Nilidhani ni maneno tu. Lakini alipopewa likizo yake, alituambia tufunge blanketi. Majirani walicheka. Mtu hupanda mlima akifuata mbuzi, kuni au jamaa zake, walisema. Hapandi ili atembee tu. Mama mmoja wa kanisani alikuja kutuuliza kama tunahama.

Tulipanda gari la moshi mpaka Kitale, kisha lori la mbao likatufikisha karibu na msitu. Mama aliinua kikapu cha unga akitaka kujitwisha. Baba akakichukua.

"Safari hii nyinyi ni wageni wangu," alisema. "Mgeni habebi mzigo."

Alisema hivyo na akafanya hivyo. Yeye ndiye aliyewasha moto, akasonga ugali, akatandika nyasi chini ya blanketi zetu. Mama alitaabika. Kila mara aliinuka kwenda kukoroga sufuria, na kila mara baba alimwonyesha mahali pa kukaa. Sikuwahi kumwona baba akipika. Ugali wake ulikuwa mgumu, lakini tuliumaliza.

Asubuhi tuliyofika juu kabisa, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda usiku, na kidimbwi kilikuwa kimefunikwa na barafu. Mama alivunja kipande, akakitia mdomoni.

"Haina ladha," alisema. Kisha akavunja kingine.

Baba alituonyesha bonde kubwa la duara lililozungukwa na majabali. Zamani sana, alisema, mlima huu ulitapika moto. Baadaye barafu ikajaa humo mwaka mzima, ikayakwaruza mawe ilipokuwa ikiteleza. Alikuwa ameyasikia kwa wazungu.

"Na wewe ukawaamini?" mama akauliza.

"Walinionyesha mikwaruzo. Niliishika kwa mkono."

Tuliteremka ndani ya bonde hilo mpaka kwenye maji moto yanayobubujika kando ya mto. Mama, ambaye magoti yalikuwa yakimuuma kwa miaka, alikaa juu ya jiwe, akatumbukiza miguu, akafumba macho. Nilikaa kando yake. Hapo ndipo walipotokea wazungu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, pamoja na wapagazi wao. Kiongozi wao alishikwa na homa wakamwacha kambini, na sasa walikuwa wamepotea. Mmoja wao alimtambua baba.

"Ah, mzee. Mzuri sana. Wewe nakuja na sisi sasa."

Baba alivua kofia. "Leo siwezi, bwana. Nina wageni."

Mzungu aliangaza huku na huku. "Wageni gani? Iko wapi?"

"Hawa hapa," baba akasema, na kwa mkono wote akatuonyesha mama na mimi. "Wakishapumzika tutaondoka. Mkitaka kutufuata nyuma, njia ni moja."

Nilishusha macho. Siku hizo watu walipigwa kwa maneno machache kuliko hayo. Mzungu alikuwa amekuwa mwekundu, na wapagazi walitazama mto. Kisha yule mwanamke akakaa chini, akafungua kamba za buti zake, akatia miguu majini mkabala na mama. Mama alifumbua macho, akasogea kidogo kumpa nafasi, akayafumba tena. Hakuharakisha.

Tulipoondoka, baba alitangulia, mama akafuata, halafu mimi, na nyuma yetu wazungu na mizigo yao. Mama alisimama kila alipotaka kutazama ua au kuvuta pumzi, na msururu mzima ukasimama. Nilitembea shingo yangu ikiwa imenyooka kama ya mtu aliyejitwisha mtungi, ingawa kichwani sikuwa na kitu.

Kiangazi kilichofuata, jamaa mbili za kanisani kwetu zilimwomba baba azipeleke mlimani. Alizipeleka, na mama akaenda tena.