Kompyuta Iliyokwenda Kunywa Chai

Kompyuta ya baba mkubwa haijawahi kuibiwa na haitaibiwa, maana mwizi gani ana subira ya kuishi na mashine ile? Imekaa sebuleni kwenye meza yake peke yake, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa, na anayeruhusiwa kuifunua ni yeye tu.

Baba mkubwa ni karani mstaafu. Kazini alikuwa mtunza mafaili, na wenzake walimbandika jina la Komeo kwa sababu hata mashine ya kubania karatasi aliifungia kwenye droo, ufunguo akauvaa shingoni. Ofisi yao ilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa na wakubwa kwa wadogo: saa nne asubuhi kila kitu kinazimwa, watu wanakwenda kunywa chai. Mtu akiwa dirishani, hata kama ameshaandika nusu ya sahihi yake, atangoja. Komeo amestaafu, lakini saa nne yake bado iko kazini.

Aliponunua kompyuta hakutaka kujua inaandikaje wala inahesabuje. Alitaka kuingia kule ndani kwenye mipangilio, atawale. Akaanza na umeme: skrini izime ikikaa kidogo tu bila kuguswa, kwa hiyo ukisoma ukurasa mrefu lazima uwe unatikisatikisa kipanya kama unabembeleza mtoto. Akaja kwenye ulinzi: aliweka antivairasi mbili, zikawa zinashukiana zenyewe kwa zenyewe, na kamera akaibandika plasta ya kidonda. Halafu akaamuru kwamba mashine ikiwaka tu ifungue kalenda, kikokotoo, saa na hali ya hewa, ingawa dirisha liko pale pale na mvua anaiona.

Lakini neno la siri ndilo lililotia fora. Alitunga sentensi nzima ya kiofisi, yenye herufi kubwa, herufi ndogo na namba, na kila asubuhi huiandika kwa kidole kimoja huku mkono wa kushoto umefunika kibodi tusione. Tatizo lake, hawezi kuandika bila kutamka. "R kubwa... e... j..." Mimi huenda kwao likizo tu, na nililijua kabla sijazoea kitanda. Nadhani hata kuku wa jirani wanalijua.

Basi dada, binti yake wa pekee, akaitwa kwenye usaili wa kazi ya maabara katika hospitali ya mbali. Usaili wenyewe ungefanyika kwa video. Dada alikuwa amemaliza masomo zamani, na ametuma maombi mpaka ameacha kutuambia akikataliwa. Hii ikimponyoka, hakukuwa na nyingine inayoonekana. Alitaka kutumia simu ya mama yake. Baba mkubwa akasema simu ni chombo cha umbea, kazi inaombwa kwenye kompyuta. Siku iliyotangulia alishinda mbele ya mashine akiiandaa, na hakuna aliyeambiwa anaandaa nini.

Usaili ulianza saa nne kasorobo. Dada alikaa wima na blauzi iliyopigwa pasi hadi kwenye kola, plasta ya kamera imebanduliwa kwa ukucha. Baba mkubwa alisimama nyuma ya skrini, mikono mgongoni, kama mlinzi wa benki. Wasaili walikuwa wawili, mwanamke wa miwani na mwanamume mwenye sauti nzito. Dada aliwajibu vizuri mpaka mama mkubwa, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, akaanza kutabasamu. Mwanamke wa miwani akauliza swali refu, dada akafungua mdomo, kompyuta ikazima.

Umeme ulikuwepo, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Baba mkubwa akatazama saa ya ukutani, uso ukamng'aa.

"Saa nne kamili," akasema. "Nimeipangia ijizime yenyewe wakati wa chai. Haijakosea hata kidogo."

Ilimchukua muda kuelewa kwa nini hakuna anayempongeza.

Akaiwasha mbio. Mashine ikadai neno la siri. Akaandika kwa kidole chake kimoja, ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Dada alikuwa amejishika kichwa.

"Ile namba ya mwisho inakuja kabla ya nukta," mama mkubwa akasema kutoka jikoni, bila hata kugeuka.

Akaandika hivyo, ikafunguka. Kalenda ikaja, kikokotoo kikaja, hali ya hewa ikatangaza jua. Dada akanyoosha mkono kwenye kipanya, na baba yake akaudaka hewani.

"Subiri kwanza. Siri imevuja. Nibadilishe neno, ndipo uendelee."

"Baba, watu wananingoja."

"Watangoja. Usalama haungoji."

Dada akamtazama, mtazamo ambao sijui nilipataje ujasiri wa kuushuhudia. Kisha akainuka, akachukua simu ya mama yake, akasimama jikoni kati ya sufuria na ukuta, akawapigia wasaili na kuwaomba radhi. Walikuwa bado wapo. Mwanamke wa miwani akarudia swali lake: mgonjwa ana haraka, taratibu za usalama nazo ni ndefu, utafanyaje? Dada akatupa jicho sebuleni.

"Utaratibu unaomlinda mgonjwa siuruki," akasema. "Unaomlinda bosi tu, utangoja mgonjwa apone."

Kabla wasaili hawajasema kitu, sauti ikasikika kutoka sebuleni: "K kubwa... u... m..." Mwanamume wa sauti nzito akauliza huyo ni nani. Dada akajibu ni baba yake, anaficha siri. Wakacheka mpaka simu ikakwaruza.

Kazi akaipata. Baba mkubwa amewatangazia majirani kwamba usaili ulifanyika chini ya ulinzi wake, na wao wanaitikia, kwa kuwa ukibisha atakuonyesha mipangilio.

Asubuhi ya safari alimwomba dada simu mpya aliyonunuliwa na mama yake, aifanyie maandalizi kidogo tu. Dada akaitumbukiza mkobani, akavuta zipu.

"Chai inapoa, baba," akasema.

Nyuma yao, sebuleni, mashine ikajizima.