Nilivyotumwa Kuposa Carina ya Mzee Silvano

Naomba msinicheke mpaka nimalize.

Mimi nimewahi kwenda kuposa gari. Sisemi kununua, nasema kuposa. Nilivaa koti, nikapiga hodi kwa adabu, nikainamisha kichwa na kusema, "Tumeona ua zuri kwenye boma lenu, tumekuja kuuliza kama lina mwenyewe."

Ua lenyewe lilikuwa bandani, lina matairi manne na namba ya usajili.

Naitwa Nazari. Ni dalali wa mpunga hapa Ifakara, maeneo ya Kibaoni. Mchana nauza mpunga wa watu, wikiendi nakuwa mshenga wa watu. Nimeposea wengi bondeni humu, na ndoa ikiyumba, mimi ndiye wa kwanza kutafutwa.

Rafiki yangu Lukelo nilimposea mke kule Idete. Mke anaitwa Tekla, anauza samaki sokoni, na Mungu amewapa watoto wanne.

Familia nzima hiyo ilikuwa na pikipiki moja.

Masika moja wakaanguka kwenye tope, Lukelo, Tekla, watoto wawili na beseni la kambale. Hakuna aliyeumia. Kambale mmoja aliingia mtaroni na hakuonekana tena.

Tekla akainuka, akajifuta uso, akasema mbele ya kadamnasi, "Lukelo, tukishavuna mpunga nataka gari la familia. La sivyo, siku nikipanda tena hiyo pikipiki na watoto, nitashukia Idete kwa baba. Na sirudi."

Tekla akisema kitu, ujue ameshakifikiria.

Lukelo akanijia jasho linamtoka. Hela ya mpunga anayo, ila anaogopa. Aliwahi kuuziwa gari lililopakwa rangi juu ya kutu. Lilikuja Ifakara kwa kuvutwa na likaondoka kwa kuvutwa.

"Kaka Nazari, safari hii nataka gari ambalo historia yake inajulikana."

Watu wote wakamtajia gari moja tu. Carina nyeupe ya Mzee Silvano, dereva mstaafu wa mashamba ya miwa, anakaa Kisawasawa. Carina ile unaweza kusimama pembeni yake imewaka na usiwe na habari. Bodi haina mkwaruzo, na ndani inanukia kama imetoka dukani.

Lukelo akaenda mwenyewe. Akarudi amenywea.

"Nimemuuliza bei, kaniuliza kama nimelelewa. Anasema mtoto wa watu haulizwi bei mlangoni. Nilete mshenga."

Nilidhani ni utani wa wazee. Wapi!

Tulipofika, Lukelo aliambiwa asubiri nje, kama muoaji yeyote. Mzee Silvano alikuwa amekaa na dada yake, Bibi Marsiana, ambaye alitambulishwa kwangu kuwa ndiye shangazi wa gari.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu mzee. Shangazi wa gari akakaa kimya. Mzee akasema dada yake hawezi kuongea mpaka apewe cha kufungulia mdomo.

Nikatoa. Aisee, kufikia hapo nilikuwa nimeshasahau kwamba tunaongelea Toyota.

"Kijana wenu anakunywa?" akauliza shangazi.

"Kidogo tu, sikukuu."

"Akinywa asimguse Domitila."

Domitila ndilo jina la gari.

"Ana ndugu?"

"Anao."

"Wanaopenda kuazima vitu?"

Nikakohoa.

"Binti yetu haazimwi," akasema mzee. Kisha akayashusha masharti. Oili ibadilishwe kabla muda haujafika. Asibebe gunia. Asibebe samaki. Mvua ikinyesha asitoke, na watu wenye miguu ya tope wasimpande. "Akiteswa, nakuja kumchukua mwenyewe. Ufunguo wa pili unabaki kwangu."

Lukelo alipoitwa ndani alikubali yote. Angeambiwa amwogeshe kwa maziwa angeuliza ya ng'ombe au ya mbuzi. Tukatoa mahari, na blanketi la bibi juu yake. Bibi Marsiana akalipokea lile blanketi kwa vigelegele, akaenda akamfunika nalo Domitila.

Mnacheka. Si niliwaomba?

Siku ya kumpokea bibi harusi, mzee alimtuma fundi Barnaba, aliyekuwa akimtengeneza Domitila miaka yote, aje kumfunda muoaji. Barnaba ni mtu asiye na haraka, mikono imejaa grisi. Akamkalisha Lukelo kwenye mkeka. Tekla alikuja na chai, akasimama mlangoni na sinia lake.

"Asubuhi usimkurupushe," akaanza Barnaba. "Mwashe, mpe muda kidogo, ndipo muondoke."

"Sawa, fundi."

"Oili na maji uangalie kabla ya safari. Usingoje mpaka achemke njiani ndiyo uanze kukimbizana na ndoo."

"Sawa."

"Akitoa mlio ambao hukuuzoea, simama umsikilize. Wanaume wengi wakisikia mlio wanaongeza sauti ya redio."

Nikamwona Tekla anageuza macho taratibu na kumtazama mumewe.

"Taa nyekundu ikiwaka, usiseme itazima yenyewe. Na ukimpeleka gereji, kaa hapo hapo uone anafanyiwa nini. Usimtelekeze ukaenda kunywa soda."

"Fundi," Tekla akauliza, "hayo masomo ni ya gari tu?"

Tulicheka wote. Lukelo peke yake hakucheka, alikuwa anarudia kila neno kwa midomo asije akasahau.

Na kweli hakusahau hata moja.

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Lukelo alikuwa kwenye boneti anavuta kijiti cha oili na kukitazama kama daktari. Alimfuta Domitila kwa kanga mpya aliyonunua kwa ajili hiyo tu. Watoto waliamriwa kumwamkia shikamoo kwa kuwa amewazidi umri.

Jumapili gari lilikwenda kanisani na Lukelo peke yake. Watoto viatu vyao vina vumbi, kwa hiyo walitembea na mama yao. Ibada ikaanza gari limefika na familia bado iko njiani.

Mvua ikinyesha, Lukelo anakimbia na turubai kumfunika Domitila. Tekla anatoka na beseni lake kichwani kutafuta bodaboda.

Siku moja Tekla akaja kwangu. Hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Shemeji, ni wewe uliyenitoa kwa baba yangu. Niliomba gari la familia. Nimeletewa mke mwenzangu."

Nikamfuata Lukelo, nikamsema sana. Mnajua alinijibu nini?

"Kaka, nielewe. Tekla yupo tu. Huyu Domitila ndiye anayeweza kuchukuliwa."

Nilitamani nimzabe kofi. Nikaondoka bila kuaga.

Haikupita muda, asubuhi moja Lukelo akaingia kwangu bila hodi, shati amevaa nje ndani.

"Kaka! Domitila hayupo!"

Tukakimbia hadi kwake. Kweli, bandani palikuwa peupe. Turubai lilikuwa chini, limekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe.

"Mwizi gani anakunja turubai?" nikamuuliza.

"Siyo mwizi. Ni mzee, kaja kumchukua. Oili nimemchelewesha siku mbili. Nimekwisha, kaka!"

Binti akirudi kwao, utaratibu unajulikana. Tukatafuta mbuzi, tukakodi Noah, tukaelekea Kisawasawa kuomba radhi. Njia nzima Lukelo alikuwa amemkumbatia mbuzi na kuuliza, "Unadhani atanirudishia?"

Kufika tu, akapiga magoti. Mimi nikaanza maneno yangu.

"Mzee wetu, tumekosa. Binti amerudi nyumbani, tumekuja kumwombea."

"Binti yupi?" akauliza Mzee Silvano.

Tukatazamana.

"Domitila, mzee."

"Domitila hayuko kwangu. Ufunguo wangu ule pale, kwenye msumari." Mzee akamgeukia Lukelo. "Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana jioni, mzee. Nilimfunika mwenyewe."

"Mkeo anasemaje?"

Lukelo akamshika mbuzi kamba.

"Sijamuuliza."

"Asubuhi alikuwa wapi?"

"Atakuwa sokoni."

"Alikupa chai?"

Lukelo akashika tumbo lake tupu.

"Watoto uliwaona?"

"Sikuwasikia, mzee. Nilidhani wametulia."

"Kijana, mkeo jana usiku alilala nyumbani?"

Lukelo akanitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo. Mbuzi akalia.

Jamani. Mtu ameamka, nyumba haina mke wala watoto wanne, yeye akaona gari tu halipo. Nilichukia, halafu nikachukia zaidi nilipokumbuka kwamba hata mimi nimekuja na mbuzi wa kuombea gari.

Mzee Silvano akakaa chini taratibu.

"Watu wanasifu viti vya gari langu kwamba havina doa," akasema. "Havina doa kwa sababu marehemu mke wangu sikumkalisha. Nilikuwa namwambia miguu yako ina tope. Siku alipozidiwa mvua ilikuwa inanyesha. Nikamkodia bajaji impeleke hospitali. Mimi nikafuata baadaye, mvua ilipokatika, gari likiwa safi." Akautazama ufunguo kwenye msumari. "Masharti niliyokupa ndiyo niliyomwekea yeye. Niliyapenda mno hata nikashindwa kuyaacha, nikakupa na wewe."

Bibi Marsiana alijifunika uso kwa upande wa kanga. 

"Inukeni," mzee akasema. "Twendeni kwao mkeo. Mbuzi mchukueni."

Kufika Idete, tukamwona Domitila katikati ya uwanja wa baba yake Tekla. Tope mpaka kwenye vioo. Mtoto mmoja yuko juu ya boneti anakula muwa. Buti iko wazi, ina mabeseni ya kambale. Kwenye kiti cha dereva kuku amelala.

"Mungu wangu!" Lukelo akapiga kelele, na macho yake yalikuwa kwenye gari. Kila mtu aliona.

Baba yake Tekla hakuinuka kwenye kigoda.

"Karibuni. Mmekuja kumchukua nani?"

Nikakohoa nianze, akaninyooshea mkono. "Wewe mshenga umeshasema sana. Leo aseme mwenyewe."

Tekla alikuwa pembeni anapara perege, hainui kichwa.

Lukelo akamtazama kuku kwenye kiti. Akamtazama mkewe. Nilikuwa namwombea moyoni kuliko ninavyojiombea mwenyewe.

"Nimekuja kwa Tekla."

"Na gari?" Tekla akauliza, kisu kinaendelea.

"Libaki."

Alilisema kama mtu anayeng'olewa jino, lakini alilisema. Machozi yakamtoka, na mpaka leo sijajua yalikuwa ya nani.

"Anaendesha nani hilo gari?" Lukelo akauliza, sauti ndogo. "Nani kalileta huku?"

"Mimi," Tekla akajibu. "Barnaba alinifundisha. Tangu wiki ya kwanza, kila ulipokwenda shamba Mngeta, Domitila alikuwa anabeba samaki, kisha tunamwosha na kumfunika. Hata siku moja hukushangaa petroli inakwisha na gari ni la kanisani tu?"

"Nilidhani inakauka kwa joto."

Mzee Silvano akageukia ukutani, mabega yanacheza kwa kicheko.

Tekla akaweka kisu chini. Sasa akamtazama mumewe usoni.

"Nijibu kitu kimoja. Ulijua saa ngapi kwamba sipo?"

 Nilimkonyeza Lukelo. Danganya, ndugu yangu. Sema alfajiri. Sema ulishtuka usingizini.

Lukelo akainamisha kichwa.

"Sikujua. Mzee Silvano ndiye aliyeniambia."

Nikafumba macho, nikijua ndoa yangu moja imekwenda.

Nikasikia kicheko. Tekla alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu, anacheka na machozi yanamshuka, anajipiga paja kwa mkono wenye magamba ya samaki. Alicheka muda mrefu. Alipomaliza, akanawa mikono, akaenda kumtoa kuku kwenye kiti.

"Watoto, ingieni garini," akasema. "Na wewe, panda nyuma. Beba hilo beseni."

Baadaye nikamuuliza Tekla ilikuwaje, maana jibu lile lilitosha kuvunja ndoa tatu. Akaniambia, "Shemeji, alikuwa mjinga siku nyingi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza alikuwa mjinga mbele yangu bila kujificha. Hapo nikaona tunaweza kuanzia."

Mbuzi aliliwa Idete. Domitila hadi leo anatembea, na anabeba samaki, watoto, mpunga na mama wajawazito wa jirani. Ana mikwaruzo, ana harufu, na injini yake bado haisikiki, kwa sababu Tekla hapitishi siku ya oili na akisikia mlio anasimama.

Ndugu msomaji, ukitaka kununua gari lililotumika, kagua injini, lala chini utazame chesi, ulizia fundi aliyekuwa akilihudumia, na usinunue rangi. Ukishalipata, litunze. Lakini kesho asubuhi kabla hujatoka kwenda kuangalia oili, rudi chumbani kwanza uhakikishe mkeo yupo, na kama yupo, muulize ameamkaje.