Upondo Uliorudi Nyuma ya Jiko

(Mwenye barua hii tunamfahamu. Ametuomba tumfunike jina, nasi tumelifunika.)

Assalamu alaykum, wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, mama wa watoto wawili, upande wa Temeke, huku horini ambako maji ya bahari huingia ndani katikati ya mikoko na watu huvuka kwa mitumbwi. Nimo ndani ya eda. Mume wangu ameuawa. Naandika nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie, maana nimeambiwa hivyo usiku na mchana tangu msiba.

Mume wangu alikuwa mvushaji. Alikuwa na mtumbwi alioachiwa na baba yake, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi kwenye maji ya tope. Wavushaji wengine wakishuka huchomeka upondo topeni na kuuacha hapo. Nyumba yetu haifanyi hivyo. Marehemu mkwe wangu aliwahi kuibiwa mtumbwi, basi akawafundisha wanawe wawili tangu wadogo: mtumbwi ufunge kwenye mkoko, upondo njoo nao nyumbani, uuegemeze nyuma ya jiko. Walikua na mazoea hayo, wakawa hawayafikirii tena.

Siku ile alimvusha kijana wa bara, seremala anayekaa ng'ambo. Usiku hakurudi. Alfajiri nilipotoka kutia udhu nikaukuta upondo nyuma ya jiko, umelowa, tope bado bichi. Nikamshukuru Mungu. Mama mkwe akatoka, akautazama, akasema, "Karudi huyo, atakuwa kapitiliza msikitini. Mbandikie maji ya kuoga." Nikabandika. Yakachemka, yakapoa, nikayabandika tena. Moto ulikuwa bado unawaka walipokuja kuniambia wamemwona mikokoni, kapasuliwa kichwa, na mtumbwi umefungwa vizuri pale pa siku zote.

Sasa fikirini wenyewe. Aliyemuua alifunga mtumbwi kwenye mkoko wetu, akatembea na upondo mpaka nyuma ya jiko langu. Seremala wa ng'ambo alijuaje? Waliofundishwa jambo hilo ni wawili. Mmoja tumemzika. Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye mume wangu alimkataza kuugusa mtumbwi tangu alipouzamisha na abiria akiwa amelewa tembo. Juzi yake tu walikuwa wametoleana maneno makali mbele yangu. Aliua, kisha mazoea yakamrudisha nyumbani na ushahidi begani.

Siku ya mazishi shemeji aliukata upondo ule vipande vipande, akautia kwenye moto wa wali wa msiba. "Kuni zimepungua," akasema. Watu wakala. Hata mie nikala, sikuwa na akili siku ile.

Polisi wakamshika seremala kwa kuwa ndiye wa mwisho kuonekana na marehemu. Lakini askari kanzu mmoja, mpelelezi kutoka mjini, hakuridhika. Akaja nyumbani, akawaamkia wakubwa kwa adabu, akaomba kuniuliza neno. Wakaniweka nyuma ya pazia na mama mkwe. Shemeji akakaa naye mbele, ati mwanamke wa eda hasemi na mwanamume wa kando, yeye atanisemea. Shemeji naye si maharimu wangu, mbona hilo hawakulikumbuka?

Mpelelezi akauliza, "Mtumbwi tumeukuta umefungwa, lakini upondo hatukuuona. Marehemu alikuwa akiuweka wapi?"

Shemeji akajibu, "Akiuchomeka topeni, afande, kama sie wote. Utakuwa umechukuliwa na maji."

Nikafungua kinywa. Mama mkwe akanifunika kwa kiganja, akanibana mpaka meno yakauma mdomo. Mpelelezi akaligeukia pazia, akauliza, "Mama wa ndani hana la kuongeza?" Shemeji akasema hana. Akaaga, akaenda zake.

Alipoondoka nikamwambia mama mkwe, "Mama, upondo uliuona. Ulisema mwenyewe karudi."

Akasema, "Nimezika mmoja, mwanangu. Usinizikishe wa pili."

"Na seremala je, hana mama?"

"Anaye," akasema. "Lakini si mie."

Mama huyu ndiye aliyenilea ndoani, ndiye aliyenishika nilipojifungua, nampenda. Hapo ndipo hasira yangu inaponiwasha zaidi, maana sina pa kuitua. Nikisema, nitakuwa nimemnyonga mwanawe. Nikinyamaza, ananyongwa mtu ambaye kosa lake ni kuvuka maji. Kesi itasomwa kabla eda yangu haijaisha, na kila nikitaja kutoka wazee wa ukoo wananikemea kwamba nitamwaibisha marehemu. Mke wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani ameninong'oneza kuwa mwenye eda hutoka kwa dharura. Wao wanasema hii si dharura. Na shemeji ameshawaambia kuwa nikitoka edani atanioa, anistiri, watoto wa kaka yake wasitawanyike.

Amechonga upondo mpya. Sasa ndiye anayevusha watu. Kila jioni huuleta, huuegemeza pale pale nyuma ya jiko, na mti ukigonga ukuta binti yangu mdogo hukimbia nje akisema baba karudi.

Wanaonijua watanijua kwa barua hii, na wanijue. Ninyi msionijua, nishaurini: nitoke na nguo zangu nyeupe za eda nikaseme mbele ya hakimu, au nikae ndani nimheshimu marehemu huku muuaji wake akiningoja mlangoni? Nijibuni upesi, maana seremala hana muda wa kuningoja.