Pezi la Samaki wa Idella

Idella Strand alikuwa na miaka sitini na tisa alipoingia mtoni mara ya kwanza, wala hakuingia kwa kupenda. Alizaliwa kilomita tatu kutoka mto Bogachiel, akaolewa akahamia kilomita moja karibu zaidi, na kwa majira ya baridi arobaini na sita alisafisha kila kichwachuma ambaye mumewe alimleta nyumbani. Alimpasua, akamtia chumvi, akamkausha kwa moshi. Kumvua ndiko hakuwahi.

Kichwachuma ni trauti, samaki wa maji baridi, asiyetulia. Huzaliwa mtoni, akaenda baharini kunenepa, kisha akarudi kwao katikati ya baridi, mgongo wa kijivu kama shoka jipya, nguvu zote za bahari zikiwa bado mwilini. Kumpata si kazi ya kubahatisha. Kuna wanaume pale mjini waliomtafuta miaka mitatu bila kumgusa, wakauza vifaa vyao wakaenda kucheza karata.

Katika mwaka wa kwanza wa ndoa Idella alimwambia mumewe, Orrin, "Nichukue na mimi."

Orrin akasema, "Mto hautaki watu wawili wa nyumba moja."

"Sawa," Idella akajibu. "Hutanisikia nikiuliza tena."

Kweli hakumsikia. Huyo ndiye Idella. Neno likishamtoka halirudi, hata likimuumiza mwenyewe.

Orrin alikata miti milimani miaka arobaini. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na mwezi wa Novemba daktari alimrudisha nyumbani akasema tumbo limekwisha kuliwa na ugonjwa, halikatwi tena wala halitibiki. Idella akakiweka kitanda sebuleni karibu na dirisha. Akapika kila anachokijua. Supu ya kuku ilirudi jikoni ikiwa baridi. Viazi vilirudi. Hata mkate wa tufaha ulirudi, na huo Orrin alikuwa akiuiba kabla haujapoa.

"Sasa unataka nini? Sema," Idella akamwambia. "Nitapika hata kofia yako."

"Supu ya kichwachuma. Ya kichwa chake, na maziwa na viazi."

"Nitamwambia Vester akuletee mmoja."

"Samaki wa Vester? Bora nife njaa."

Vester Kimbrough alikata miti na Orrin miaka ishirini, kisha wakagombania kidimbwi kimoja cha mtoni, kila mtu akidai yeye ndiye aliyekigundua. Miaka kumi na moja walikuwa wakisalimiana kwa kidevu tu. Lakini haikuwa kwa sababu ya Vester peke yake. Orrin hakuwahi kula kichwachuma aliyevuliwa na mkono wa mtu mwingine. Alikataa wa majirani, alikataa wa ndugu yake, na wa dukani hakutaka hata kumwona.

Idella akakunja kitambaa chake cha jikoni. "Basi nitavua mimi."

Orrin alicheka mpaka akakohoa. "Wewe!"

"Kwani mkono wangu ni mkono wa mtu mwingine?"

Kicheko kikamkatika.

"Hapana," akasema. "Wako si wa mtu mwingine."

Ndivyo masomo yalivyoanza, kitandani. Orrin alilikunjakunja blanketi, akafanya mabonde na kingo. Hapa jiwe. Hapa maji yanakwenda mbio, yaache. Hapa yanapunguza. "Tafuta maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayekwenda kanisani na bado hajachelewa," akasema. Alimpa mpini wa ufagio uwe ufito wa kuvulia na uzi wa sufu uwe mshipi, akamfundisha kurusha kuelekea kwenye kabati la vyombo. Alimfundisha kufunga chambo cha mayai ya samaki kwa uzi mwekundu, na hapo mwalimu akafundishwa, maana mayai aliyoyatia chumvi Idella yalikuwa magumu kuliko ya Orrin na hayakupasuka.

"Na akila nitajuaje?"

"Hutajua. Boya la mshipi linasita tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Utadhani ni jiwe. Wewe vuta. Mara hamsini litakuwa jiwe."

"Na ya hamsini na moja?"

"Nayo jiwe. Lakini endelea."

Na kila somo lilimalizika kwa jambo moja: angalia mgongo. Karibu na mkia, kichwachuma ana pezi dogo la nyama, kama ulimi wa paka. Samaki waliokuzwa kwenye kituo cha kuzalisha samaki hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo, kabla hawajaachiwa, na hao ndio wa kula. Mwenye pezi zima ni mzaliwa wa mto. Huyo huruhusiwi hata kumtoa majini. Wengi waliichukia sheria hiyo, lakini Orrin alisimama mbele ya mkutano wa wavuvi akaitetea, na alipoteza marafiki siku hiyo.

"Mlima wote ule niliuvua nguo kwa msumeno," alimwambia Idella, akionyesha dirishani. "Mvua ikaja, udongo ukashuka wote mtoni, ukafukia mayai yao. Hilo nilishalifanya. Samaki wa mwisho aliyebaki sitamuua."

Siku ya kwanza Idella alivaa suruali ya mpira ya Orrin, aliyoikaza kiunoni kwa kamba ya nguo, akaingia mpaka mapajani. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa, na mawe yalikuwa yakiteleza kama yamepakwa siagi. Kutoka ng'ambo sauti ikamfikia.

"Bibi Strand! Unavua au unaoga?"

"Funga mdomo, Vester Kimbrough, usije ukameza mvua!"

"Umesimama juu ya vitanda vyao! Wanalala hapo pembeni, kwenye maji ya magoti. Umewakanyaga wote!"

Idella alirudi nyumbani amelowa, akasimama mbele ya kitanda. "Hukuniambia kuwa wanalala pembeni."

Orrin akajipiga paji la uso. "Hilo nilidhani kila mtu anazaliwa nalo."

Alikwenda kila asubuhi, jirani mmoja mama wa makamo akikaa na mgonjwa. Alianguka mara mbili. Alipoteza ndoana nyingi kwenye magogo, na kila jioni Orrin alifunga nyingine pale kitandani. Wiki ya tatu alimnasa mmoja. Samaki aliruka mara moja, mweupe, mrefu kama mkono mzima wa mtu, na Idella kwa hofu akakishika kigurudumu cha mshipi kisizunguke. Mshipi ukakatika kwa mlio kama wa kijiti. Alikaa juu ya jiwe akalia kwa hasira, kisha akafuta pua, akaenda nyumbani akasema leo hakuna kitu.

"Ulimbana," Orrin akasema bila kugeuza kichwa.

"Nani kakwambia?"

"Sura yako. Mwache aende. Akitaka kwenda, mpe. Akichoka, mwombe arudi kidogo kidogo."

Haya ndiyo waliyozungumza majira hayo ya baridi, na walizungumza kuliko miaka yote iliyotangulia. Lakini kila siku sauti ya Orrin ilipungua, na mifupa ya uso ikazidi kujitokeza. Kufika mwisho wa Januari alikuwa akimeza maji tu, kwa kijiko. Muuguzi alipokuja alimvuta Idella mlangoni akamwambia sasa ni kuhesabu siku.

Kesho yake mto ulikuwa umepungua baada ya mvua, maji ya kijani kama chupa. Idella hakwenda kwenye vidimbwi vya Orrin. Alikwenda mahali alipopaona mwenyewe, ambapo mwerezi ulioanguka ulipunguza mwendo wa maji, pembeni kabisa. Hakuingia hata unyayo. Akarusha karibu na miguu yake. Boya likapita. Akarusha tena. Boya likasita.

Akavuta, na jiwe likaondoka.

Mara hii alimwacha aende. Kigurudumu kililia, mikono ikamuuma, akamfuata kando ya mto akijikwaa, akimwambia samaki maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Muda mrefu ulipita kabla samaki hajaja amelala ubavu, kwenye maji ya vifundo vya miguu, akifungua na kufunga mashavu. Idella akapiga magoti. Akaangalia mgongo.

Pezi lilikuwepo. Zima.

Hapakuwa na mtu. Hata Vester hakuwepo. Idella alimshika samaki majini kwa mikono miwili, na kitu alichokiona mbele yake si samaki, ni kijiko cha maji kikirudi kutoka midomo ya Orrin. Akaokota jiwe. Akampiga mara mbili nyuma ya macho. Kisha akatoa mkasi wa kukatia uzi wa chambo, akalikata pezi lile, akalitupa mtoni.

Alitaka kumpika kabla Orrin hajaamka vizuri, lakini Orrin alisikia mlango.

"Umepata," akasema. Macho yalikuwa yamemfunguka kama ya kijana. "Mlete nimshike."

Katika nyumba ile samaki hakuwahi kuguswa na kisu kabla ya kupitiwa na mkono wa Orrin, kutoka kichwani mpaka mkiani. Idella akamleta ndani ya gazeti, kichwa kikitangulia, akatumaini mkono ule dhaifu hautafika mbali. Ulifika. Kidole gumba kilipita mgongoni polepole, kikafika mahali pale, kikasimama.

Samaki wa kituo hukatwa pezi akiwa mdogo kama kijiti cha kiberiti. Akirudi kutoka baharini kidonda kimepona zamani, ni laini, huwezi kujua kulikuwa na kitu. Orrin alikitazama kidole chake. Kilikuwa na damu.

"Huyu kakatwa lini?"

Idella hakuwa mwongo mzuri. "Leo asubuhi."

"Idella."

"Mto una samaki wengine. Mimi nina mume mmoja."

Orrin akakifuta kidole kwenye gazeti.

"Jike?" Orrin akauliza.

"Jike."

"Ana mayai?"

"Tele."

Akafumba macho. "Mpike. Ameshakufa, asitupwe. Mpike umle wewe, mpaka mkia. Mimi siwezi."

"Kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu, Orrin. Miezi miwili nimeganda kwenye maji yale."

"Usinilazimishe. Nakuomba."

Neno hilo, nakuomba, hakuwahi kulisikia kinywani mwa Orrin. Alikwenda jikoni akapika supu kama alivyoipika maisha yote, kichwa, viazi, maziwa, kitunguu. Harufu ikajaa sebule. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda na bakuli mapajani akala, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu ameambiwa na kwa sababu alistahili adhabu hiyo.

Baadaye Orrin akasema, macho bado yamefumbwa, "Alinaswaje?"

"Boya lilisita."

"Ukavuta."

"Nikavuta. Nilidhani jiwe."

"Wapi?"

"Chini ya mwerezi ulioanguka, baada ya daraja la zamani. Pembeni kabisa."

"Pale? Mimi nimepita pale miaka yote."

"Ndiyo. Ulipita."

Mabega ya Orrin yakatikisika. Alikuwa akicheka, sauti hakuna. Kisha yakatulia. "Nilipaswa kukuchukua mwaka ule," akasema. "Wa kwanza."

"Ndiyo, ulipaswa," Idella akajibu, maana hakuwa mtu wa kusamehe kwa haraka, akaendelea kula.

Orrin alikufa siku ya tatu, Alhamisi asubuhi. Samaki alikuwa bado hajaisha. Idella alipika mkia jioni ile ile, akaumaliza peke yake, jikoni, amesimama.

Siku ya maziko watu walikula pamoja katika ukumbi wa kanisa. Vester Kimbrough alikuja na tai iliyofungwa vibaya, akasimama mbele ya Idella akizungusha kofia mikononi.

"Nimesikia ulimpata mmoja, Bibi Strand. Kila mtu anasema. Angalau mzee kaondoka na supu tumboni."

Idella angeweza kunyamaza. Watu walikuwa tayari wameshaipenda hadithi hiyo, wake kwa waume, na wawili watatu walikuwa wamegeuka kusikiliza.

"Hakula," Idella akasema, na hakupunguza sauti. "Samaki alikuwa na pezi lake. Nililikata mimi kwa mkasi. Akaligundua kwa kidole, akakataa."

Uma zikasimama kwenye sahani. Vester alimtazama.

"Alikataa? Na hali ile?"

"Alikataa."

"Orrin," Vester akasema taratibu, kama anamwita mtu aliye ng'ambo, na macho yake yakajaa. Akainama, akajifuta kwa kofia. Kisha kwa kuwa alikuwa mvuvi na hakuweza kujizuia, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimpatia wapi?"

"Nenda katafute, Vester."

Mwanamke mmoja akaja kumshika bega Idella, mwingine akamletea kiti, na huruma yao, ambayo hakuona anaistahili, ikaanza kumzunguka kutoka pande zote. Akaiweka sahani chini, akatoka nje kwenye mvua bila koti.