Mzee Aliyelazwa Juu ya Kikaango

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, Hénoc Numbi anasimama mbele ya ubao katika chumba kidogo cha chuo kimoja mjini Lubumbashi, chaki mkononi, akisoma herufi za Kirusi kwa sauti. Anafika kwenye herufi inayofanana na P. Anaisoma hivyo hivyo, P. Darasa linacheka, maana Warusi huisoma R.

"Tena, Papa," anasema mwalimu wake, Lydie Mumba, bila kucheka.

Numbi anafuta, anaandika upya. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Walioketi nyuma yake ni vijana wa mwaka wa kwanza, na huyu anayemsahihisha na kumwita Papa, yaani baba, alikuwa mwanafunzi wake kabla ya kwenda kusoma Urusi. Kijana mmoja ananong'ona, lakini kwa sauti ya kutosha kusikika: "Papa Poêle anaunguza tena."

Numbi anasikia. Hageuki. Jina hilo alilipata kwa haki, wala halikatai.

Kwa miaka mingi alijulikana katika idara ya fasihi kuwa mtafiti wa fasihi ya Kirusi. Ni mtoto wa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Mitwaba. Katika ujana wake alikuta kwenye maktaba ya parokia rafu nzima ya hadithi za Kirusi zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, akazisoma hadi majalada yakaachana na kurasa. Baadaye akachunguza jinsi hadithi hizo zilivyoingia katika michezo ya kuigiza na masimulizi ya Katanga. Kazi hiyo ilikuwa njema, na sehemu yake kubwa ingali imara.

Lakini Kirusi chenyewe hakukijua. Hakuwahi kusema kwamba anakijua. Watu walidhani hivyo, naye akawaacha wadhani.

Katika hadithi mojawapo, mzee mgonjwa analala majira yote ya baridi sur le poêle, yaani juu ya poêle. Kwa Kifaransa, neno hilo likiwa la kiume ni jiko la kupashia nyumba joto. Likiwa la kike ni kikaango. Lubumbashi hakuna anayejenga jiko la namna hiyo. Hapa poêle ni moja tu, ile ya kukaangia samaki.

"Nilipoona le, alama ya kiume, nilisema mpiga chapa amekosea," anaeleza Numbi, macho yake yakiwa mezani. "Nikachukua kalamu ya risasi, nikasahihisha kitabu."

Juu ya msingi huo akajenga sura nzima. Malezi ya misheni yalimkumbusha Mtakatifu Laurenti, shahidi aliyebanikwa juu ya wavu wa chuma. Akafundisha kwamba mzee yule wa Kirusi ni ndugu wa shahidi, na kwamba kikaango ni mateso ya maskini chini ya mabwana wao. Wanafunzi wakanakili, wakafaulu mitihani, wakatawanyika kwenda kufundisha.

Lydie aliporudi kutoka Urusi aliisikiliza sura hiyo ikisomwa mbele ya idara. Alingoja barazani hadi watu wote walipokwisha kuondoka, ndipo akamweleza kwa heshima kwamba jiko lile hujengwa kwa matofali ndani ya nyumba, kubwa kama kitanda, na wazee hupanda juu yake kukimbia baridi. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuketi juu ya jiko kama hilo.

"Papa, ule muzee hakukuwa mu mateso," alimwambia. "Alikuwa anaota moto. Alikuwa anasikia muzuri."

Swali la kwanza la Numbi lilikuwa kama kuna mwingine aliyetambua. Leo anasema swali hilo linamwaibisha kuliko kosa lenyewe. Lydie alipojibu kwamba hakuna, Numbi alimwomba aliache jambo hilo. Lydie akanyamaza, maana mwalimu huyo kwake ni kama mzazi. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Mwezi uliofuata Numbi aliingia darasani akaifundisha sura ile ile. Kukosea ni kwa kila mwanadamu. Kulifundisha kosa ukilijua ni jambo jingine.

Likizo ya Pasaka ilimleta Zakari, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari huko Kilwa ya Katanga. Alikuja kumsalimu nyumbani kwake mtaani Annexe, akamletea samaki wakavu wa ziwa Mweru. Mezani akasimulia kwa furaha jinsi alivyomtetea. Msichana mmoja, Plamedie, alikuwa amenyoosha mkono katika somo la sura ile akauliza mtu mzima analala namna gani juu ya poêle, na poêle hiyo ina ukubwa gani. Darasa likacheka. Zakari akampigisha magoti mbele ya wenzake hadi mwisho wa somo, kwa kosa la kudharau elimu.

"Sikukubali bakucheke, Papa," akasema. "Tangu siku ile hanyoshake tena mukono."

Wivine, mke wa Numbi, aliacha kupakua chakula. Habari ya jiko alikuwa nayo tayari. Akamtazama mumewe.

"Na ule mutoto," akauliza, "alikosea?"

Numbi akasema yote palepale. Zakari alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa ungali ndani ya sahani.

"Ulijua tangu wakati gani, Papa?"

"Tangu mbele ya Noeli."

Mgeni akanawa mikono, akamuaga Wivine tu, akatoka.

Jumatatu baada ya likizo Numbi alisimama mbele ya idara akakiri mambo mawili, kosa na ukimya wake. Sura ikaondolewa katika kitabu chake kilichokuwa kinatayarishwa. Kabla ya adhuhuri jina la Papa Poêle lilikuwa limefika hadi langoni mwa chuo.

"Kicheko ni haki yao," anasema. "Kinachoniuma ni magoti ya ule mutoto."

Simu za Numbi Zakari alizikataa kwa muda mrefu, kisha akapokea moja. Numbi akaomba kwenda Kilwa kumwomba msichana msamaha, naye akamruhusu kwa sharti moja: "Utasema mbele ya bote, Papa. Hapana mu bureau, sisi babili tu."

Mvua zikikatika na barabara ikipitika, Numbi atapanda lori la mizigo kwenda Kilwa. Atawaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao alipotoshwa na mwalimu wake, na kwamba Plamedie peke yake ndiye aliyesoma vizuri. Atamwomba msamaha kwa jina lake. Kisha atauliza kama kuna mwenye swali.

Na kama msichana huyo hatanyoosha mkono?

"Yeye atakuwa amekaa," anasema Numbi. "Mimi nitasimama, na nitangoja."